Ada za Watoto wa Wenzetu kwa Jina la Marehemu Baba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaikum. Sisi ni ndugu saba kutoka Chake Chake. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu, na watatu kati yetu tumehitimu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tumechangishana shilingi milioni 40 ili kusomesha wanafunzi wasiojiweza kwa jina lake. Kaka yetu mkubwa anataka tulipe ada mpaka fedha ziishe. Mimi nataka ziwekwe ziendelee kuzaa. Dada yetu anataka pia kuongeza shamba la mikarafuu alilotuachia baba. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaikumu salaam. Kaka yenu hajakosea, kwani sadaka ya kulipa ada ikaisha ni sadaka. Lakini mkishatumia milioni 40, jina la mzee litakwisha pamoja nazo. Unachokitaka wewe ni wakfu, jambo ambalo Wazanzibari hawahitaji kufundishwa na mtu, ingawa vyuo vya ng'ambo navyo vimeishi kwa utaratibu unaofanana nao: Harvard, kwa mfano, ilipokea pauni 100 kutoka kwa Ann Mowlson mwaka 1643 kwa ajili ya mwanafunzi maskini. Katika wakfu, asli, yaani mali yenyewe, inazuiwa, haiuzwi wala hairithiwi, na kinachotolewa ni matunda yake tu.

Sasa pigeni hesabu bila ya kujidanganya. Milioni 40 zikizaa asilimia 5 kwa mwaka, mtapata milioni mbili, na humo lazima mrudishe sehemu kwenye mtaji, kwa sababu bei hupanda na shilingi ya leo si ya miaka kumi ijayo. Msiahidi kusomesha watano. Mwanafunzi mmoja mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu bado huhitaji pesa za chakula, za dahalia na nauli ya boti ya kurudi Pemba likizo, na hapo ndipo kiasi kidogo huonekana. Nimewahi kumwona kijana amesimama mbele ya dirisha la mhasibu, wiki moja kabla ya mitihani, akihesabu noti mara ya tatu kama kwamba zitaongezeka. Kilichompungukia hakikufika laki moja.

Kuhusu shamba, nendeni taratibu. Mali aliyoiacha baba imekwishakuwa ya warithi, kwa hiyo dada yenu anaweza kuweka wakfu fungu lake tu, na mafungu ya wengine yanahitaji ridhaa ya kila mmoja, akiwemo mama yenu kama yu hai. Ikiwa ni eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, ulizieni kwanza Kamisheni ya Ardhi. Kumbukeni vilevile kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, ilhali ada hailali. Mavuno ya mwaka mzuri yawekwe akiba kwa ajili ya mwaka mbaya. Zipo nyumba za wakfu Mji Mkongwe ambazo kodi yake ilibaki ndogo mno hata haikutosha kukarabati paa. Waliozitoa walikuwa na nia njema kama yenu.

Andikeni hati, mkaonane na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2007, na mzungumze na chuo ili uteuzi ufanywe na kamati yake, si na nyinyi mezani kwenu. Ningependa hati iseme «mwanafunzi mhitaji kutoka Pemba», isibane kwenye kijiji chenu, maana utafika mwaka ambao kijijini hapo hakuna aliyeomba, na fedha zitalala bure.

Jina la mzee liwe kwenye hati na kwenye barua ya kumjuulisha mwanafunzi. Halina haja ya kufuatwa na hafla ya kupiga picha huku kijana ameshika hundi ya karatasi kubwa na wanafunzi wenzake wakimtazama.

SWALI: Je, mjukuu wa marehemu anaweza kufaidika na mfuko kama huo? (Msomaji, Wete)

JIBU: Anaweza, iwapo waliouanzisha wameandika hivyo. Kama hati imetaja wahitaji tu, ajaze fomu kama mwenzake yeyote, na jamaa aliyemo kwenye kamati atoke nje wakati jina lake linajadiliwa.