Jibu: Una pasi ya Tanzania, unaishi Uingereza, unataka kumwandikia mbunge kuhusu eVisa na sheria za mtandao

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mwenye pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kumwandikia mbunge wa huko, na kama barua hizo zinazaa chochote. La kwanza ni jepesi. Mbunge anahudumia kila anayeishi jimboni kwake, raia na asiye raia. Tena wewe kura unayo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kupiga kura hata kwenye uchaguzi mkuu, yaani Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, ambao nchi yao ilijiunga mwaka 2009. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi kura hiyo hawana, ila kumwandikia mbunge wa wanapoishi ni haki yao kama yako.

Jiandikishe kupiga kura kabla ya mengine yote. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Kwenye fomu kuna swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Madaftari ni mawili: la uchaguzi lenyewe, na lile la wazi ambalo mtu yeyote au kampuni yoyote inaweza kununua nakala yake. Usipoomba kuondolewa kwenye la wazi, jina na anwani yako vinauzwa. Kama ulishajiandikisha, iandikie ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako wakuondoe; kura yako haiguswi. Kwenye uchaguzi wa wabunge, pasi ya Tanzania inakubalika kituoni kama kitambulisho, hata iliyokwisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Ukurasa wa eVisa, yaani kibali chako cha ukaaji cha kidijitali, kwenye simu haukubaliki.

Sasa barua. Wabunge wako 650, na kwa desturi ya Bunge kila mmoja hushughulikia wakazi wa jimbo lake tu. Barua isiyo na anwani kamili na postikodi inakwama kwa wasaidizi wake kabla yeye hajaiona, kwa hiyo anwani ikae juu kabisa. Kama humjui mbunge wako, tovuti ya WriteToThem itakuonyesha ukiweka postikodi, na barua utaituma hapohapo. Tovuti hiyo inazuia barua zilizonakiliwa neno kwa neno, na ina sababu nzuri: barua za kampeni zenye maneno yaleyale hujibiwa kwa jibu moja lililoandaliwa na chama. Andika kwa maneno yako. Kiingereza chako kikiwa cha kawaida hakuna ubaya wowote.

Ukurasa mmoja unatosha. Taja sheria au muswada na kifungu, eleza unavyokugusa wewe au kazi yako, kisha omba jambo moja linalotekelezeka. "Naomba utetee faragha yetu" halimpi mbunge kazi ya kufanya. "Naomba umpelekee waziri barua hii na unitumie jibu lake" linampa, kwa sababu wizara inatakiwa kumjibu mbunge, na jibu hilo litakufikia likiwa limebeba msimamo wa serikali. Unaweza pia kumwomba aulize swali bungeni kwa maandishi. Maswali hayo na majibu yake huchapishwa, na TheyWorkForYou, tovuti ya kufuatilia Bunge, itakutumia baruapepe kila neno unalolifuatilia likitajwa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachanganya sera na shida binafsi kwenye barua moja. eVisa yako kuonyesha tarehe isiyo sahihi ni shida binafsi. Hiyo hushughulikiwa na msaidizi wa kesi, na ofisi za wabunge zina njia yao ya kuwasiliana na Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani. Kutaka mfumo mzima wa eVisa ubadilishwe ni sera, na inaenda kwa msaidizi mwingine. Tuma barua mbili. Ya kesi iwe na namba ya maombi, tarehe ya kuzaliwa na picha za skrini zinazoonyesha siku na saa ya hitilafu. Kama kesi ni ya mke au mume wako, ambatisha idhini yake iliyosainiwa, la sivyo Home Office haitaijadili na mbunge. Usipopata jibu baada ya wiki tatu hivi, piga simu ofisini, au omba nafasi siku mbunge anapoonana na wakazi jimboni. Ofisi itakupa ratiba. Ukiwa Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini, andika kwa mbunge wa jimbo lako aliyeko Bunge la London, si wa bunge la huko kwenu, kwa kuwa uhamiaji na ulinzi wa data huamuliwa London.

Kuhusu kama zinasaidia, tazama kilichotokea 2010. Watu wengi waliwaandikia wabunge kupinga muswada wa Sheria ya Uchumi wa Kidijitali, uliofungua njia ya kuwakatia watu intaneti kwa tuhuma za kunakili kazi za wengine. Ulipita kwa kura 189 dhidi ya 47, katika siku za mwisho kabla Bunge halijavunjwa, wakati viongozi wa vyama walishakubaliana kipi kipite. Barua hazikuwa dhaifu. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Mahali pa kusukuma ni baada ya muswada kusomwa mara ya pili, unapoingia kwenye kamati na kupitiwa kifungu kwa kifungu. Kamati hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa mtu yeyote. Yasizidi maneno 3,000, aya zipewe namba, na muhtasari utangulie. Peleka mapema, maana kamati ikimaliza kazi kabla ya tarehe iliyotangazwa, yako hayatasomwa. Anwani usiiweke ndani ya maoni yenyewe, kwa sababu yanachapishwa. Muswada ukifika kwa Malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge, unaweza kumwandikia yeyote kati yao anayejishughulisha na jambo hilo, kwani hawana majimbo.

Kabla ya yote hayo, kusanya ushahidi. Una haki ya kuomba bure taarifa zako zote zilizoko kwa wizara, halmashauri, mwajiri au kampuni. Wana mwezi mmoja: ombi likifika tarehe 3 Septemba, jibu linatakiwa ifikapo 3 Oktoba. Likiwa gumu wanaweza kuongeza miezi miwili, lakini lazima wakwambie ndani ya mwezi ule wa kwanza. Ukiomba "kila kitu" watakuomba ufafanue na hesabu ya mwezi ule itasimama, kwa hiyo taja faili, kipindi na aina ya kumbukumbu, mfano maelezo ya maofisa kwenye maombi yako ya viza kati ya tarehe fulani na fulani. Wakikaa kimya au wakiruka vitu, lalamika kwao kwa maandishi, kisha nenda kwa Kamishna wa Habari, ICO, kabla miezi mitatu haijapita tangu mawasiliano yenu ya mwisho ya maana. ICO hailipi fidia. Hiyo ni kazi ya mahakama.

Haki hii imepiganiwa kwenye kesi inayotugusa sisi moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2018 iliiruhusu serikali kumnyima mtu taarifa zake kwa kusema tu kwamba zingeathiri udhibiti wa uhamiaji. Open Rights Group, shirika la kutetea haki za kidijitali, na the3million, linalotetea raia wa Ulaya wanaoishi Uingereza, walikwenda mahakamani, na Mei 2021 Mahakama ya Rufani ikasema msamaha huo, yaani ruhusa hiyo ya kutotoa taarifa, unakiuka sheria. Serikali iliurekebisha, ikashindwa tena 2023, na 2024 ikalazimika kuandika kinga zilizo wazi zaidi. Kwa hiyo ukikuta sehemu ya faili lako imefutwa kwa wino mweusi, uliza kwa maandishi ni msamaha gani umetumika na kwa nini unakuhusu wewe.

Usichanganye ombi hilo na lile la Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, ambalo ni la kumbukumbu za taasisi za umma, si zako binafsi. Hilo hujibiwa ndani ya siku 20 za kazi na linahitaji jina lako halisi. Idara ya serikali kuu inaweza kukataa ikiwa kulitimiza kungegharimu zaidi ya pauni 600, sawa na saa 24 za kazi, kwa hiyo punguza kipindi unachouliza. Ukilipitisha kwenye tovuti ya WhatDoTheyKnow, ombi na jibu vyote vinaonekana hadharani. Kesi yako ya viza usiipeleke huko kabisa.

Maombi ya Bunge yenye saini ninayaweka mwisho kwa makusudi. Saini 10,000 huleta jibu la serikali, na 100,000 huyafanya yafikiriwe kujadiliwa. Lile la 2025 la kutaka Sheria ya Usalama Mtandaoni ifutwe lilivuka saini 500,000, na serikali ikajibu kwamba haina mpango wa kuifuta. Ukikuta maombi yaliyo wazi unayoyaafiki, yasaini, kisha nakili kichwa chake kwenye barua yako kwa mbunge. Ukianzisha maombi wewe mwenyewe, jua kwamba jina lako litachapishwa, wakati majina ya wanaosaini hayachapishwi.