Jibu: Ufunguo wa tarakimu pekee hausomeki kwenye KVM ya Apigee

Mkuu, umesema ufunguo "duka_arusha" unasomeka vizuri, ila 1045 haurudishi thamani yoyote ilhali upo kwenye ramani ya KVM (hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani ndani ya Apigee, jukwaa la kusimamia API). KVM yenyewe haina ugomvi na tarakimu: kila ufunguo humo ni maandishi, na "1045" ni halali kabisa.

Ninayemshuku ni hiyo JavaScript inayoandaa ufunguo kabla ya sera ya KVM (hatua inayosoma ramani). Injini yake ni Rhino, inayoendeshwa juu ya Java, na namba ghafi ikitoka huko inaweza kufika kwenye sera ikiwa "1045.0". Ramani inalinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo haikuti kitu. Igeuze mapema:

context.setVariable("ufunguo", String(id));

Kisha fungua trace (rekodi ya hatua ambazo ombi linapitia) usome thamani ya "ufunguo" ilivyo pale sera inapoanza. Usikisie.

Kama baadaye mtatumia vitambulisho virefu, angalieni: ukipita 9007199254740991, JavaScript huweza kubadilisha tarakimu za mwisho kimyakimya. Hapo String() haisaidii, maana uharibifu umeshatokea kwenye JSON.parse, pale maandishi ya JSON yanapogeuzwa kuwa data. Mteja (programu inayotuma ombi) avitume ndani ya alama za nukuu tangu mwanzo. Vivyo hivyo kwa misimbo inayoanza na sifuri kama 00417.

Na ukibadilisha thamani kwenye ramani halafu ukaona ya zamani bado inarudi, tulia kidogo. ExpiryTimeInSecs (muda wa kutunza nakala, kwenye sera) usipoiweka, Get, yaani usomaji wa ramani, hukaa na nakala yake kwa sekunde 300. Kuandika 0 hakuzimi hilo, inarudi kwenye 300 zilezile.