Meza ya Mchoraji: Msichana wa daladala na kisogo kilichopotea

Mwezi huu simu yangu imejaa macho. Macho makubwa yenye nyota ndani, ya buluu, ya zambarau, na mahali pamoja la kijani likiwa na pacha jekundu. Wachoraji wa anime, yaani katuni za mtindo wa Kijapani, mmeamua kuniandikia kwa mpigo, na karibu nyote mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu akisema neno juu ya mchoro, lipokelewe vipi, na mimi nikitaka kusema la kwangu nisemeje? Nimechukua barua nne. Ya kwanza nitaisema kwa kirefu, maana ilikuja na mchoro wenyewe.

*Shikamoo dada. Nina miaka 19, naishi Mbagala. Nachora kwa kidole kwenye simu, natumia programu ya kuchorea ya ibisPaint, ya bure. Nakutumia mchoro wangu wa msichana wa sekondari amesimama ndani ya daladala, nimeuhangaikia siku sita. Kwenye grupu letu watu kama 40 wamenimwagia moto na “umeua kaka”. Mmoja tu akaandika: “Jicho la upande wa pili halijakaa.” Nikamjibu hiyo ni staili yangu, hii ni anime, si picha ya pasipoti. Akanyamaza. Lakini tangu siku hiyo kila nikifungua mchoro sioni kingine ila hilo jicho. Nani yuko sahihi? – Kidole Kimoja*

Marahaba mdogo wangu. Yeye ndiye yuko sahihi. Ila hata yeye hakugusa penyewe, na hapo ndipo barua yako iliponinogea.

Nilipoufungua mchoro wako kwenye tableti, kitu cha kwanza niliugeuza kushoto-kulia, kama unavyoonekana kwenye kioo. Programu yako ina kitufe hicho, kitafute leo. Siku sita ulizoutazama, jicho lako limeshauzoea mchoro na kuusamehe kila kitu. Nyani haoni kundule, na kitufe hicho ndicho kinachompa nafasi ya kuliona. Msichana wako alipogeuka, uso mzima uliporomokea upande mmoja kama shuka inayoteleza kitandani.

Umechora uso wa robo tatu, yaani haututazami moja kwa moja wala haujageuka upande kabisa. Kwenye uso wa namna hiyo jicho la mbali huwa jembamba kuliko la karibu, kwa sababu uso ni mviringo na lile jicho linaanza kuuzunguka. Wewe umeyapa yote mawili upana uleule. Mwenzako aliliona hilo. Lakini nilipopunguza uzito wa leya yako (leya ni kama karatasi angavu zinazolazwa moja juu ya nyingine ndani ya programu), nikaweka leya mpya juu na kuchora fuvu kwa mstari mwekundu chini ya zile nywele, nikakuta kubwa zaidi: msichana hana kisogo. Kichwa chake kimekatwa nyuma kama mkate wa boflo uliopunguzwa kwa kisu, na nywele zimekuja kufunika ushahidi. Fuvu likishakosa nyuma, uso wote unasukumwa mbele, na jicho la mbali linakosa pa kukaa. Ungeweza kulisogeza hilo jicho usiku kucha na lisingekaa.

Kwa hiyo mtu akikosoa mchoro wako, mwamini anaposema kuna mahali panamkera, ila usikimbilie dawa aliyokupa. Mtazamaji huona panapouma. Ugonjwa ulipoanzia utapatafuta wewe, maana wewe ndiye unayejua leya ya chini kabisa ina nini. Mara nyingi anayelalamikia mkono anasumbuliwa na bega. Anayesema rangi imekuwa nyingi huenda ameshindwa tu kujua atazame wapi kwanza.

Sasa “staili yangu”. Staili ni kitu unachoweza kukifanya kwa namna nyingine, ukaamua kutokifanya. Anime imejaa udanganyifu wa wazi: pua ya nukta moja, nyusi zinazoonekana juu ya nywele zilizozifunika, mdomo uliohamia shavuni mtu akigeuka upande. Hakuna mtu kwenye grupu lako aliyewahi kulalamikia zile nyusi. Ni kwa sababu kila mchoraji anazichora hivyo kwa makusudi, kila mara, na macho yetu yamekubaliana naye. Kama unataka kujipima, mchore msichana huyohuyo amegeukia upande mwingine. Kama jicho la mbali litakuja pana vilevile na kisogo kitakosekana tena, na hukukusudia, basi hiyo ni tabia ya mkono.

Na wala usidhani wenye anime yao hawasahihishwi. Kwenye studio za Japani yupo mtu anayeitwa sakuga kantoku, msimamizi wa michoro. Wachoraji wengi wanagawana vipande vya kipindi kimoja, na kila mmoja ana mkono wake, kwa hiyo uso wa mhusika unaweza kubadilika kutoka tukio hili hadi lile. Kazi yake ni kuzuia hilo. Kwa desturi huchukua karatasi nyepesi ya rangi, mara nyingi ya njano, akailaza juu ya mchoro wa mwenzake na kuchora upya panapohitaji: kidevu kishuke hapa, jicho lipande pale. Haandiki insha. Anachora mstari, na aliyechora mwanzo anaona tofauti kwa jicho lake. Ile leya yangu nyekundu ndiyo karatasi hiyo ya njano, nami nimekurudishia faili ikiwa juu ya mchoro wako. Izime, iwashe, izime, iwashe, mpaka uone.

Kuna mawili ambayo watu wako 40 hawakuyasema. La kwanza ni kiganja kilichoshika bomba la daladala. Weka kiganja chako usoni sasa hivi, kitako cha mkono kikiwa kidevuni: vidole vinafika kwenye paji la uso. Cha msichana wako hakifiki hata puani. Amepewa mkono wa mtoto wa chekechea.

La pili ni ngozi, na hili linaniuma kwa sababu naliona kwenye michoro mingi ya kwetu. Ni msichana wa maji ya kunde, vizuri kabisa, halafu umempitishia kivuli cha kijivu kwenye leya ya kuzidisha, ile inayotia giza rangi iliyo chini yake. Kijivu juu ya maji ya kunde kinaleta mpauko badala ya kivuli. Anaonekana kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ile staili ya kivuli chenye ukingo mkali ilitoka enzi ambazo kila fremu ilipakwa rangi kwa mkono nyuma ya karatasi angavu ya plastiki: rangi moja ya mwanga, moja ya kivuli, pengine na ya tatu, basi. Ukiwa na rangi mbili tu, ya pili haiwezi kuwa ya kuokoteza. Chukua rangi ileile ya ngozi, ipunguze mwanga, kisha isogeze kidogo kuelekea wekundu au zambarau. Jaribu kwenye shavu peke yake kwanza. Hizo paleti, yaani seti za rangi, mnazopeana kwenye magrupu nyingi zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, msizimeze nzima.

Kizuri? Ile ngumi ya kushoto iliyobana sarafu ya nauli. Umeichora ndogo, haikupigiwa kelele, lakini ndiyo iliyonifanya niamini kwamba huyu msichana ana safari na ana wasiwasi wa konda. Ulipochora ile ngumi hukuwa unaiga mtu. Usiifute.

Na huyo uliyemnyamazisha, mrudie umuulize: “Uliona nini hasa?” Katika watu 40, ni yeye tu aliyeutazama mchoro wako zaidi ya sekunde tatu.

*Dada, salaam aleikum. Binamu yangu aliniomba nimwambie ukweli kuhusu mchoro wake, naye alikuwa amemaliza kabisa, na rangi na mwanga wa machweo nyuma. Nikaketi nikamwandikia makosa kumi na manne, kwa nambari, kwa nia njema. Sasa ni wiki ya tatu hajibu ujumbe, na kwenye harusi ya juzi alinipita kama mpita njia. Nimekosa wapi? – Wa Kisauni*

Waaleikum salaam mpenzi. Kumi na manne! Hata fundi gari hukupa mawili kwanza uvute pumzi.

Usijilaumu kwa ukweli, jilaumu kwa saa uliyoutoa. Mchoro una hatua zake: rasimu, mistari, rangi bapa, vivuli, mapambo. Kasoro ya mifupa inasemwa kwenye rasimu, ambako kuifuta ni kazi ya dakika mbili. Mtu akishachora nywele unywele kwa unywele na kuweka jua linazama, ukamwambia bega la kulia liko chini, unamwambia abomoe nyumba ambayo keshahamia. Kwa mchoro uliokwisha, chagua jambo moja tu la kumfaa mchoro ujao. Mengine kumi na matatu yaweke. Ukitazama vizuri utakuta mengi yanatokana na hilo moja, kama nilivyomwambia kijana wa Mbagala.

Halafu kabla ya kusema, muulize: “Wataka nitazame nini?” Kuna anayetaka kujua kama mkono umekaa, kuna anayetaka kujua kama sura inaonyesha huzuni, na kuna anayetaka tu uone kwamba amemaliza. Huyu wa mwisho mpe hongera yake, akale biriani. Nashuku binamu yako alikuwa huyo.

Mimi nilijifunza upande wa pili. Mwaka 2008 nilikuwa nachora vitabu vya watoto kwa kazi ya mkataba, na mhariri mmoja alinirudishia kurasa nane, kila ukurasa umeandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: “Hapana.” Hapana nini? Mbuzi? Mama? Rangi ya ukuta? Nilizichora upya zote nane na zikarudi na “Hapana” nane nyingine. Baadaye sana nikaja kugundua kwamba hakupenda mtoto wa kwenye hadithi avae ndala. Ndala tu! Wewe umesema mengi mno, yeye alisema machache mno, na kwenu nyote wawili, mliyemwandikia hakujua ashike wapi. “Uso haupendezi” ni maneno matupu. “Macho yanatazama sehemu mbili tofauti, la kushoto litazame chini kidogo” ni kitu mtu anaweza kukaa nacho mezani akakifanya.

Mpelekee kitu kidogo, mahamri au chochote, na usiutaje ule mchoro mpaka autaje yeye.

*Dada, mzee wangu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Kila nikimwonyesha kazi yangu anasema, “Hiyo ni ya Wajapani, chora vyetu.” Namheshimu sana lakini maoni hayo nayafanyia nini? – Mtoto wa Fundi, Morogoro*

Mzee shikamoo zake. Mwambie, taratibu na chai ikiwa mezani, kwamba hata yale macho makubwa hayakuanzia Japani peke yake. Osamu Tezuka, mchoraji wa katuni aliyewatia Wajapani wengi kwenye njia hiyo, alikuwa akizipenda mno katuni za Disney za Marekani na alijifunza humo. Na Edward Saidi Tingatinga, ambaye sote tunamwita wetu, alianza hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya vyuma, mbali kabisa na sanaa.

Lakini usiishie kumshinda kwa hoja. Anayechora mabango anajua kitu ambacho wengi wenu hamkijui: herufi na umbo lisomeke kutoka ng’ambo ya barabara. Mwonyeshe mchoro wako ukiwa umepunguzwa hadi ukubwa wa stempu, na rangi zote umezizima ubaki weusi na weupe, kisha muulize anaona nini kwanza. Hapo hatakujibu habari za Wajapani. Atakwambia nywele zimemezwa na ukuta wa nyuma, na nina hakika atakuwa sahihi.

*Kuna jamaa alichukua mchoro wangu bila kuniuliza, akauchora upya juu kwa juu na kuuweka kwenye grupu: “Kabla na Baada.” Watu wakacheka. Kusema kweli wa kwake ni mzuri. Nifanyeje? – Nimeumbuliwa*

Pole sana. Kuchora juu ya kazi ya mtu ni msaada akiwa ameomba, na uwe kati yenu. Bila ruhusa tena mbele za watu, huyo alikuwa anajitangaza, na wewe umekuwa ngazi. Mwandikie faraghani aushushe. Asipotaka, mwambie msimamizi wa grupu.

Ila kabla haujashushwa, uhifadhi kwenye simu yako. Ukishapoa, wiki ijayo au mwezi ujao, uweke juu ya wa kwako na uupitie sehemu kwa sehemu. Na mikono aliyoichora yeye uikague pia, maana nimeitazama: wa kushoto una vidole sita.