Bata wako akianza kuatamia, hesabu siku zake mwenyewe

Siku ya 30 nilichomoa yai moja chini ya bata wangu, Bahati, nikaenda nalo kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikalivunja. Majirani walikuwa wameshanishauri niyatupe yote: bata huatamia siku 28, na hizo zimepita, kwa hiyo ni mayai viza. Nilitegemea harufu mbaya. Nilichokuta ni kifaranga mzima, manyoya yamelowa, mishipa ya damu bado imeshikana na utando wa ganda, na mdomo wake ukifunguka na kufumba. Alifia kiganjani mwangu dakika chache baadaye. Mayai tisa yaliyobaki nikamwachia mama yao, na siku ya 35 wakatoka vifaranga saba.

Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za bata namjibu kwanza kwa swali: una bata wa aina gani? Majirani hawakunidanganya. Siku 28 ni za bata wa kawaida, wale wanaolia kwa kelele, ambao asili yao ni bata mwitu wa kichwa cha kijani. Bahati ni wa aina nyingine, na ndio wengi huku kwetu Kigamboni: wana nyama nyekundu usoni, hawapigi kelele, wanapuliza tu kama nyoka, na wana kucha kali za kuparamia ukuta na matawi. Hao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na mayai yao huchukua siku 35 hivi. Ukiwapimia kwa hesabu ya jirani, au mbaya zaidi kwa zile siku 21 za kuku, utaua vifaranga waliobakiza siku chache tu kuona jua.

Na hesabu haianzii yai la kwanza. Bahati alitaga karibu wiki mbili, kila siku yai moja, mara nyingine akiruka siku, na muda wote huo alikuwa akitaga na kuondoka zake. Mayai yale yanasubiri tu, hayajaanza safari. Siku ya kwanza ni ile atakayolala kiotani usiku kucha na asubuhi umkute palepale. Utamjua: anajinyonyoa malaika, yaani manyoya laini, ya kifuani na kutandika kiota, anajibana chini kama sahani, na ukisogeza mkono anatutumua manyoya na kukupulizia. Siku hiyo iandike kwenye kalenda ya ukutani, usiiweke kichwani.

Siku hiyohiyo chukua penseli, uweke alama kila yai. Usitumie kalamu ya wino, wino hupenya ganda. Kama una bata jike mwingine, ataingia kutagia kiotani humo mwenzake akitoka kula, na mayai hayo mageni hayatawahi wenzake. Mama akishaondoka na vifaranga, yale ya nyuma yanapoa na kufa. Kwa hiyo kila siku lisilo na alama litoe ule. Mayai usiyaoshe hata yakiwa na tope, maana ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji huuondoa.

Kuna jambo lililonipa wasiwasi sana mwanzoni. Mara moja kwa siku, mara chache mbili, Bahati alitoka kiotani na kukaa nje nusu saa nzima. Kabla hajatoka anayafunika mayai kwa malaika yake, taratibu, kwa mdomo, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akifika nje anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali (si ugonjwa, alikuwa amekibana tangu jana), anakula kwa pupa, kisha anaoga. Mara ya kwanza nilimfukuza arudi, nikiogopa mayai yatapoa. Nilikosea. Anarudi na kifua kimelowa, na unyevu ule unayafaa mayai, kwani utando wa ndani ukikauka mno kifaranga anashindwa kutoka. Tangu hapo kazi yangu ikawa kumwekea beseni la maji hatua chache kutoka kiotani, mahindi na pumba pembeni, na kumzuia dume asimsumbue. Dume wangu nilimtenga kabisa.

Kiota chenyewe kiandae mapema. Mimi nilitandika maranda na kuchanganya majivu chini kwa sababu ya utitiri, ambao humnyonya mama aliyetulia mpaka akakimbia mayai. Miguu ya banda niliisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu, siafu wasipande. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hukuti kitu.

Kati ya siku ya 8 na ya 10, subiri atoke kwenda kuoga, uyapime mayai kwa tochi ya simu gizani. Weka yai juu ya tochi, zungushia vidole mwanga usivuje. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Jeupe tupu halikurutubishwa, litoe. Lenye harufu au linalotoa jasho litoe polepole sana, maana likipasuka kiotani linachafua yote. Lile unalolitilia shaka lirudishe. Mimi nililirudisha moja la namna hiyo, na lilitoa kifaranga.

Siku ya 33 nilisikia sauti ndani ya mayai, nyembamba, na Bahati akiwajibu kwa mlio ambao sikuwahi kumsikia nao. Kesho yake tundu likaonekana kwenye yai moja. Hapo ndipo mikono inapowasha. Tangu tundu la kwanza mpaka kifaranga kutoka zinaweza kupita saa 24, hata 48, na kwa muda mrefu utaona kimya tu. Hajakwama. Anapumzika, damu iliyo kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini, na kiini kinaingia tumboni. Ukimbandulia ganda wakati huo atavuja damu. Mama naye huenda asitoke kiotani siku hizo mbili. Msogezee maji, umwache. Vifaranga pia hawana njaa, kile kiini kinawatosha siku ya kwanza na zaidi.

Wakishatoka, hatari kubwa ni maji. Watu hudhani kifaranga wa bata hawezi kuzama. Anazama, akilowa na kuchoka na kushindwa kupanda ukingo. Mimi natumia sinia la kina kifupi lenye mawe katikati, kina cha kutosha azamishe pua zake tu, maana lazima azisafishe anapokula. Chakula ni kile cha vifaranga wa kuku, nakilowesha kidogo, naongeza dagaa waliosagwa, na majini natia vitamini zenye kundi la B kutoka duka la dawa za mifugo. Vifaranga wa bata wanahitaji niasini, moja ya vitamini hizo za kundi la B, zaidi kuliko wa kuku, na wakiikosa miguu inapinda.

Saba wale hawakubaki saba. Siku ya nne niliwaacha uwanjani na mama yao nikaingia ndani kuzima jiko, na kunguru wakachukua wawili, Bahati akiwarukia bila kuwafikia. Sasa naezeka wavu juu ya uzio kabla hata yai la kwanza halijapasuka, na vifaranga hawatoki chini ya wavu huo mpaka waote manyoya.