Bolti ya Bushi Ikishikwa na Kutu, Jua Kwanza Imekwama Wapi

Hewa ya Mombasa haina huruma na chuma. Bodi ya gari itang'aa, lakini chini chumvi imevuta unyevu na kutu inaendelea kula. Na gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, huenda likashuka bandarini Kilindini tayari limeliwa.

Nimefungua bolti nyingi za aam, ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na gari, na nasisitiza hivi: usiongeze nguvu kabla hujajua bolti imekwama wapi. Wengi hupigana na nati, kumbe nati mara nyingi hutoka. Kinachogoma ni bolti yenyewe, iliyogandana na bomba la chuma katikati ya bushi, yaani mpira ulio kwenye kiungo cha aam. Utaijua kwa mkono: ukizungusha kichwa kinakwenda kidogo, kisha kinarudi. Hapo unasokota mpira wa bushi, na nyundo itaharibu hesi (mikato ya bolti inayoshika nati) tu.

Ikiwa bushi nayo imechoka, usiihurumie. Kata bolti kwa grenda au msumeno wa chuma pande zote mbili za bushi, aam itoke. Kama bolti ina kisahani cha kurekebisha pembe ya gurudumu, tia alama kwanza kilipokaa. Nunua bolti mpya kabla hujaanza kukata, yenye namba ileile ya uimara kichwani. Palipokuwa na 10.9 usitie 8.8, hata muuzaji akuapie.

Kwa nati iliyogoma, piga brashi ya waya, tia mafuta ya kupenya jioni, uiache ilale. Asubuhi tumia soketi ya pembe sita, kwani ya pembe kumi na mbili hula kona. Ikaze kidogo kwanza, kutu ivunjike, ndipo ulegeze. Moto ni wa mwisho, tena upashe nati, si bolti, ili nati itanuke. Usiuwashe karibu na mpira, paipu ya breki, tangi wala shokabu. Shokabu ya gesi yaweza kupasuka. Na tafadhali, gari likae juu ya stendi. Ukivuta spana yenye bomba refu, jeki peke yake haiaminiki.

Unaporudisha, paka grisi mwili wa bolti, ila hesi ziache kavu. Kaza mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukikaza aam ikining'inia, bushi mpya itabaki imesokoteka kila gari linaposimama, na mpira utachanika mapema.