Maswali ya wasomaji: kijana mwenye kisukari anapoanza kujihudumia

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wazazi na kwa vijana wenyewe, zote zikihusu kisukari cha aina ya kwanza, kile cha kuchoma insulini kila siku. Vipimo vya sukari tumeviandika kwa mmol/L. Ukitaka kuvigeuza kuwa mg/dL, zidisha kwa 18. Dozi yako umepangiwa na daktari wako na hapa hatuibadilishi.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 18, ana kisukari tangu yuko darasa la tatu. Baada ya miezi minne anahamia hosteli ya chuo. Kujichoma anajua, kujipima anajua, lakini mimi silali. Nimfundishe nini kabla hajaondoka? – Mama wa mwanafunzi

Njema, mama. Kazi za mikono umeshamwachia. Maamuzi bado unayo wewe. Nani anajua insulini itaisha lini? Nani anakumbuka tarehe ya kliniki? Akitapika usiku wa manane, nani anaamua kwamba sasa ni hospitali? Hayo ndiyo ya kumkabidhi, moja baada ya jingine.

Anza na hesabu ya dawa. Tuseme anatumia yuniti 45 kwa siku: kwa siku 30 ni yuniti 1,350. Kalamu ya kuchomea insulini ya mililita 3 ina yuniti 300, hivyo atakwambia kalamu tano zinatosha na chenji inabaki. Hazitoshi. Kabla ya kila sindano anatakiwa kutoa yuniti 2 nje ili ahakikishe sindano haijaziba na hewa imetoka. Akichoma mara nne kwa siku, hizo pekee ni yuniti 240 kwa mwezi. Jumla ni 1,590, yaani kalamu sita, na kwa kuwa insulini zake huenda ni za aina mbili, kila aina ihesabiwe peke yake. Juu ya hapo awe na akiba ya wiki mbili. Ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu siku 28 nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30. Aandike tarehe ya kuifungua kwenye kalamu yenyewe, si kwenye boksi, maana boksi hutupwa siku ya kwanza.

Linalofuata ni siku za kuumwa, na hapa msiwe na haraka. Kijana akipata homa au kuharisha hujisemea, "Sijala kitu, nichome ya nini?" Anaacha insulini yote. Lakini mwili unaoumwa hutoa homoni zinazopandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na bila insulini huanza kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni, hadi damu inajaa asidi. Insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu haiachwi hata siku moja. Apime sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, apime ketoni, anywe maji kidogo kidogo bila kukoma. Ketoni za damu zikifika 1.5 apige simu kliniki. Zikifika 3.0, au akitapika mfululizo, au akianza kuhema haraka na kwa kina, ni hospitali muda huohuo, usiku au mchana. Karatasi hiyo aiandike yeye kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe itabaki kuwa karatasi ya mama.

Kliniki ni rahisi zaidi: kuanzia miadi ijayo aingie kwa daktari peke yake, wewe uitwe dakika tano za mwisho.

Binti yangu ana miaka 17. Daftari lake linaonyesha sukari 6, 7, 8 mwezi mzima, lakini kipimo cha HbA1c kimetoka 10.5%. Maabara wamekosea? – Baba

Inawezekana mzee, ila si jambo la kukimbilia. HbA1c ya 10.5% ni sawa na sukari ya wastani wa karibu 14 kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Daftari la 6 na 7 haliwezi kuzaa wastani huo. Uliza kwanza kama ana upungufu wa damu, selimundu, au ameongezewa damu karibuni, kwani hivyo hupotosha kipimo. Angalia pia saa anazopima: anayepima asubuhi tu kabla ya kula haoni kabisa kinachopanda baada ya chakula. Stripu za kupimia zilizopitwa na muda, au zilizoachwa kopo wazi, nazo hudanganya.

Kama hayo yote hayapo, anaandika namba za kichwani. Daftari la kweli la kijana wa umri huo lina 3.2 na lina 17. Lisilo na namba mbaya hata moja lina mashaka. Kumbukumbu ya mashine ingekuonyesha, lakini usiivamie akiwa amelala. Jiulize kwanza: kila alipoonyesha 15, neno lako la kwanza lilikuwa lipi? Likiwa "Umekula nini tena?", basi daftari umeliandika pamoja naye.

Hatari yenyewe iko hapa. Daktari asiyejua kwamba sindano zinarukwa ataongeza dozi. Siku binti akiamua kuchoma zote kama alivyoandikiwa, sukari itaanguka vibaya. Kwa hiyo mwambie wazi kwamba hutamgombeza kwa namba yoyote, na mkubaliane mnazungumzia sukari mara moja kwa siku, saa fulani, basi. Mara moja kwa juma someni mashine pamoja. Jambo moja zaidi, na uliseme kwa upole: wapo vijana, wa kike kwa wa kiume, wanaoruka insulini makusudi ili wapungue mwili. Ukiona uzito unashuka, anakunywa maji mengi na anakwepa mizani, mweleze daktari. Hilo ni ugonjwa unaohitaji msaada wa pekee, na karipio hulizidisha.

Shikamooni. Nina miaka 22. Nachoma dozi ileile na kula kilekile, lakini leo 4, kesho 16. Nimechoka. – Dada wa namba zinazoruka

Marahaba. Weka mashine chini, pitisha vidole tumboni na mapajani. Unasikia pahali palipovimba, laini kama mpira au pagumu kidogo? Hayo ni mafuta yanayojikusanya panapochomwa kila siku, na wengi hupapenda kwa sababu hapaumi. Insulini ikiingia hapo leo hunyonywa kidogo, kesho nyingi. Paache kwa miezi. Gawa tumbo mafungu manne, kila fungu juma lake, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Sindano mpya kila mara, ya milimita 4 kwa kalamu, na hesabu hadi kumi kabla ya kuichomoa. Tahadhari: ukihamia ngozi nzima, dozi ileile hufanya kazi zaidi. Ongea na kliniki kabla ya kuhama, maana huenda wakaipunguza, na pima mara nyingi siku za kwanza.

Sababu ya pili ni kurundika dozi. Saa nne usiku una 16, unachoma ya kurekebisha. Saa tano ni 14, unakasirika, unachoma tena. Saa nane unaamka na 2.8 huku umeloa jasho. Insulini ya haraka huendelea kufanya kazi kwa saa 3 hadi 5. Ile ya kwanza ilikuwa bado njiani.

Na kama unatumia insulini ya maziwa, yaani ile nyeupe yenye ukungu, ibingirishe taratibu viganjani mara 20. Usipoichanganya, leo unachoma maji zaidi, kesho dawa zaidi.

Mwenzangu wa chumba ana kisukari. Juzi tulidhani amelewa, kumbe sukari imeshuka. Tungefanya nini? – Rafiki

Sukari chini ya 3.9 imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari. Huanza na jasho, kutetemeka, ubishi usio na sababu, ulimi mzito. Akiweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, isiyo ya dayati. Subirini dakika 15, pimeni, rudieni kama bado. Chokoleti haifai kwa kuanzia; mafuta yake huchelewesha sukari. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni wala msimchome insulini. Mlazeni kwa ubavu, mpeni glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, kama ipo na mmefundishwa, na iteni msaada.

Pombe ikiwa imo, mambo ni magumu zaidi. Ini likishughulika na pombe halitoi sukari ya akiba, hivyo sukari inaweza kushuka hata kesho yake mchana, na glukagoni inaweza isisaidie sana. Anayekunywa ale chakula cha wanga, apime kabla ya kulala, na mtu amwamshe asubuhi.

Niliondolewa kliniki ya watoto nikiwa na miaka 18. Sasa nina 20, sijarudi kokote. Naanzaje? – Kijana

Omba kliniki ya zamani barua yenye dozi, HbA1c za nyuma na majibu ya macho. Utapimwa HbA1c, presha, miguu, protini kwenye mkojo, na macho. Macho yatangulie kama sukari imekuwa juu muda mrefu, kwani kuishusha ghafla kunaweza kuzidisha kwa muda madhara yaliyokwisha kuanza nyuma ya jicho. Utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki.