Mafuta ya samaki Afrika: kabla hujachora grafu yako

Ndugu, nimekuelewa: una takwimu za FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) za gramu za mafuta yatokanayo na samaki kwa mtu kwa siku barani Afrika, mstari unaruka ghafla, na unataka kuandika kwamba ulaji umebadilika. Subiri kidogo.

Kwanza angalia mshono. Mfululizo wa zamani unaanzia 1961 na kuishia 2013. Mpya, wenye mbinu tofauti, unaanzia 2010. Usiviunganishe kama uzi mmoja. Chora mistari miwili, ulinganishe miaka ile inayopishana.

Pili, hizo namba ni ugavi: uzalishaji jumlisha uagizaji, toa mauzo ya nje, chakula cha mifugo na upotevu. Samaki aliyetupwa jikoni bado anahesabiwa kuwa ameliwa! Kisha vyote vinagawanywa kwa idadi ya watu, hivyo uvuvi unaweza kuongezeka huku gramu zikishuka.

Hapa ndipo pa kukaa zaidi: aina ya samaki. Dagaa wana mafuta mengi kuliko sato, ambaye Misri inamfuga kwa wingi. Senegal na Mauritania, sehemu ya samaki wadogo wenye mafuta huishia viwanda vya unga wa samaki. Wastani wa bara huficha yote hayo, kwa hiyo shuka hadi nchi mojamoja.

Usitoe ushauri wa lishe kutokana na grafu hii. Kwa hilo muone mtaalamu wa lishe, na utafute tafiti za ulaji wa kaya.